Minyoo ya chura msiitupe: niliyoongea na wanafunzi wa baiolojia Dodoma

Haya ni maongezi niliyoyatoa hapa Dodoma mjini mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaosoma baiolojia, pamoja na walimu wao. Waliokaa nyuma walisema spika ilikuwa inakatika hawakusikia vizuri, basi nimeyaandika vile vile nilivyoongea, na mwishoni nimeweka maswali waliyouliza.

Shikamooni walimu wangu. Wadogo zangu habari za saa hizi? Mliotoka mbali, Kongwa, Mpwapwa, Bahi huko, poleni na safari na hili vumbi. Sitawachosha na utangulizi.

Kila mwaka mvua zikishaanza hapa kwetu, Disemba hivi, nyinyi mnapewa ndoo mnaambiwa nendeni mkatafute vyura wa praktikali. Mnawaleta, mnawapasua, mnatafuta moyo, mnachora mfumo wa damu, mnachora mfumo wa mkojo na uzazi, halafu mmoja anafunua mapafu anakuta vidudu vina utumbo mweusi vinajipindapinda mle ndani, anapiga kelele, darasa zima linakimbilia meza yake, na mwalimu anasema toa hiyo weka pembeni endelea na mchoro. Inafutwa na pamba, inaenda kwenye karai la taka. Kilichonileta leo ni hicho tu. Naomba msiitupe ile minyoo, maana mimi nimeisoma miaka mingi na nawaambia kwa moyo wangu wote, mnachokitupa kwenye lile karai kina habari nyingi kuliko ule mchoro mnaoupigia rula.

Tuanze na hao wa kwenye mapafu kwa sababu ndio mnaowaona kirahisi. Wale ni minyoo mviringo wa jenasi ya Rhabdias. Mwili wenyewe ni mweupe, ule weusi unaouona ni damu ya chura iliyo ndani ya utumbo wa mnyoo, maana anakula damu. Sasa maisha yake sikilizeni. Mle ndani ya pafu hamna dume wala jike, kila mnyoo mmoja ana uwezo wa pande zote mbili, anataga mwenyewe. Mayai yanapandishwa na ute mpaka mdomoni, chura anayameza, yanapita tumboni yanatoka na kinyesi. Yakifika kwenye udongo wenye unyevu yanaanguliwa, na hapo ndipo vinatokea viluilui, yaani mabuu ya mnyoo, vinavyokua kuwa minyoo dume na minyoo jike kabisa, wanaishi kwenye udongo bila chura yeyote, wanakula bakteria, wanapandana. Yule jike hatagi. Watoto wanaanguliwa ndani ya tumbo lake na wanamla mama yao akiwa ndio chakula chao cha kwanza, wakimmaliza wanatoka, wanabaki kwenye udongo wanasubiri chura akae pale. Akikaa wanapenya ngozi, wanazunguka ndani ya mwili mpaka wanafika kwenye mapafu na habari inaanza upya. Yaani kizazi kimoja ndani ya mnyama, kizazi kingine kwenye udongo, na vyote viwili ni mnyoo yule yule! Mimi kila nikiifikiria hii naona kitabu cha fomu faivu kimewanyima kitu kikubwa.

Kwenye mapafu hayo hayo unaweza ukakutana na mwingine, bapa, hafanani kabisa na huyo, anaitwa Haematoloechus. Huyu hapenyi ngozi ya chura. Yai lake linaanza kwa konokono, kwenye konokono vinatoka viluilui vinavyoogelea, vinaingia kwa mtoto wa kereng'ende ambaye anaishi majini, mtoto wa kereng'ende anakua anaota mabawa anaruka, chura anamdaka anameza, na mnyoo anapanda kutoka tumboni kwenda kwenye pafu. Naomba huyu mumshike vizuri kichwani, nitarudi kwake.

Mkifika mwisho wa utumbo, kabla tu ya kutokea kinyesi, kamua kidogo ute wa pale uweke kwenye slaidi na tone la maji ya chumvi. Hata maikroskopu ile ya zamani ya shule inatosha. Mtaona vitu bapa vinateleza vinang'aa, vingi mno, vinajigeuza kama vipande vya karatasi kwenye upepo. Hao ni opalina. Sio minyoo, ni viumbe vya seli moja ila yenye viini vingi, havina mdomo, vinafyonza chakula kwa mwili mzima na havimdhuru chura hata kidogo. Kitu kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba vinajua chura anajiandaa kuzaa. Homoni za chura zikibadilika msimu wa kuzaliana, opalina wanajifunga kwenye vifuko vidogo, vinatoka na kinyesi vinaanguka majini, na viluwiluwi, yaani watoto wa chura, wanaochezea matope pale chini wanavila. Wangetoka miezi ya Julai au Agosti wangeangukia vumbi tupu.

Hapo hapo mwisho wa utumbo kuna mnyoo bapa mnene mwenye kifyonzi kikubwa nyuma, Diplodiscus. Naye anapitia konokono, ila anamalizia kwa njia ya ajabu, anajibandika kwenye ngozi ya chura kwa nje, akisubiri. Chura huwa anabambuka ngozi, na akibambuka haiachi, anaivuta mdomoni anaila. Ndio anammeza.

Sasa kibofu cha mkojo, na hapa naomba simu ziwekwe chini kidogo kwa sababu hii inatuhusu sisi watu wa nchi kavu kuliko watu wa Tanga au Bukoba.

Ndani ya kibofu cha chura kuna mnyoo bapa anaitwa Polystoma, Afrika tunao wa aina nyingi sana. Nyuma ana diski yenye vifyonzi sita na kulabu. Huyu hahitaji konokono wala kereng'ende, anatoka chura kwenda chura, lakini lazima kuwe na maji, maana kiluilui chake kinaogelea kutafuta kiluwiluwi cha chura, kinakaa kwenye mashavu yale ya kupumulia majini, na kiluwiluwi kikigeuka kuwa chura mdogo, mnyoo naye anahamia kwenye kibofu. Haya fikirieni Dodoma. Mvua ni miezi minne mitano, ikikatika Aprili ndio basi. Wale vyura wakubwa wanene wanajifukia ardhini, wanakaa huko chini miezi na miezi bila kula bila kunywa. Mnyoo yuko kwenye kibofu, na yeye anasubiri. Mvua kubwa ya kwanza inapiga, madimbwi yanajaa, vyura wanatoka usiku wanalia mji mzima hakulaliki, wanaingia majini kuzaa, na huyo mnyoo anaachia mayai yake siku hizo hizo, ili viluilui vyake vikute viluwiluwi vya chura vipo. Akikosea wiki mbili amekosa mwaka.

Na kuna wa Marekani kwenye jangwa la Arizona ambaye ni mkali zaidi, Pseudodiplorchis americanus, aliyefuatiliwa sana na mtaalamu wa Uingereza Richard Tinsley. Chura wa kule wanajifukia kama miezi kumi, wakitoka wanazaa usiku mmoja mpaka mitatu tu kwa mwaka, saa chache kila usiku. Basi mnyoo huyo hatagi mayai ya kusubiri kuanguliwa, anakuwa na watoto waliokamilika tayari tumboni mwake, chura akiingia majini tu anawamwaga. Wanaogelea wanatafuta chura mkubwa mwingine, wanaingilia puani, wanaenda mapafuni, wanateremkia njia ya chakula mpaka kibofuni. Saa chache kati ya mwaka mzima! Ukiniuliza ni kiumbe gani kinajua thamani ya mvua, nitakujibu huyo, na ndugu zake wapo kwenye vibofu vya vyura wetu tunaowatupa kwenye karai.

Damu nitapita haraka. Ukichukua tone la damu ya chura ukaliangalia likiwa bichi unaweza kuona kitu kikubwa kinapepesuka katikati ya seli nyekundu. Ni tripanosoma. Na jina hilo Trypanosoma, ambalo nyinyi mnalisoma kwenye malale na nagana ya ng'ombe inayoletwa na mbung'o, lilitolewa mara ya kwanza kwa kimelea cha damu ya chura, Paris mwaka 1843, aliyelitoa ni David Gruby. Chura ndiye alitangulia, malale ilikuja kujulikana chanzo chake miaka mingi baadaye. Kwa chura anaambukizwa zaidi na ruba na wadudu wanaofyonza damu. Haya tuendelee.

Nilisema nitarudi kwa yule wa kereng'ende. Mnyoo wa aina ile hawezi kuwepo kwenye pafu la chura kama kwenye hilo dimbwi hakuna konokono, hakuna kereng'ende, na chura hayupo pale akiwala. Kimoja kikikosekana mnyoo hayupo. Kwahiyo ukimuona mmoja tu umeshajua vitu vitatu kuhusu lambo lile bila hata kutupa wavu. Tumbo la chura ni daftari la mahudhurio la lambo, na minyoo ndio majina yaliyoandikwa. Lambo ambalo vyura wake hawana kitu kabisa ndani, wasafi, mimi hilo ndilo linanitia wasiwasi, nitauliza kwanza wamepuliza nini kwenye mashamba ya jirani. Watu wengi wanafikiri kinyume, wanaona mnyoo wanasema hapa kuna ugonjwa. Chura wa porini mwenye minyoo michache ni chura wa kawaida kabisa, anakula, anaruka, anazaa.

Ila kuna wakati mambo yanaharibika, na hapo ndipo daftari linasomwa kwa makini. Mwaka 1995 jimbo la Minnesota Marekani, wanafunzi wa shule, rika lenu na wadogo zenu, walikuwa kwenye ziara ya darasa pembeni ya dimbwi shambani, wakaanza kuona vyura hawana miguu, wengine wana miguu ya ziada, imepinda. Hawakukimbia, waliripoti. Ilichunguzwa na wataalamu kwa miaka, walishuku kemikali, walishuku mionzi ya jua, na mwaka 1999 Pieter Johnson na wenzake wakaonyesha kwa majaribio kwamba mnyoo bapa Ribeiroia ondatrae anaweza kusababisha ulemavu wa namna ile. Anatoka kwa konokono, anaingia kwa kiluwiluwi pale pale mguu unapotaka kuota, anavuruga, na chura akiwa kilema ndege kama korongo anamkamata kirahisi, na ndege ndiye nyumba ya mwisho ya mnyoo huyo. Mwaka 2007 timu hiyo hiyo ikaonyesha kitu cha maana zaidi kwa wakulima: mbolea ikiwa nyingi majini, mwani unashamiri, konokono wanakula mwani wanaongezeka, na kila konokono mwenye maambukizi anatoa viluilui vingi zaidi. Mnyoo alikuwepo siku zote, kilichobadilika ni mlo wa konokono.

Huyo ni mnyoo wa Amerika, msije mkaanza kumtafuta bwawa la Hombolo. Lakini mnyororo wenyewe, mbolea, mwani, konokono, minyoo bapa, huo hauna uraia. Sisi tuna majaruba ya mpunga Bahi, tuna mashamba ya zabibu, tuna malambo ya mifugo ambayo ng'ombe wanaingia mpaka tumboni wanakunya humo humo. Konokono wanaobeba kichocho cha watu wanaishi kwenye maji ya aina hiyo hiyo na wanaongezeka kwa sababu zinazofanana. Kwahiyo mtoto wa fomu siksi anayehesabu minyoo bapa kwenye vyura wa lambo la kijijini kwao kila mwaka, akaandika, akamwachia anayefuata, anafanya kazi ya maana kwa kijiji chake na sio utani.

Sasa ndoo. Walimu wangu hapa nitaongea kwa heshima lakini nitaongea. Unakuta vyura thelathini wamewekwa kwenye ndoo moja au beseni lenye udongo, wiki mbili wakisubiri siku ya praktikali, hawali, wanajisaidia humo humo. Kumbukeni yule Rhabdias, kinyesi, udongo wenye unyevu, ngozi. Porini chura anajisaidia hapa kesho yuko mita mia mbele, anaacha sehemu kubwa ya mabuu nyuma. Kwenye ndoo hana pa kwenda, mabuu yote yanamrudia yeye na wenzake, na mnyoo ambaye hakuwa tatizo sasa anaua. Mnasema vyura wa mwaka huu ni dhaifu, sio wao, ni ile ndoo.

Hata walioshika vyura wenye thamani kubwa kabisa nchi hii yaliwapata. Chura wa Kihansi, yule mdogo wa njano wa maporomoko ya Udzungwa anayezaa watoto wazima badala ya mayai, maji yalipopunguzwa kwa ajili ya umeme wakachukuliwa karibu 500 kwenda Marekani mwaka 2000 ili wasipotee. Huko kwenye vyumba vyao, pamoja na uangalizi wote, minyoo ya mapafu ilikuwa moja ya vitu vilivyowasumbua na kuwaua, ikabidi watibiwe. Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini, na ule ukungu wa ngozi unaoua vyura duniani ulishaonekana bondeni kwao. 2010 wakarudishwa 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwenyewe. Nawaheshimu sana waliofanya kazi ile.

Kwahiyo kamateni wachache mnaowahitaji tu, siku moja au mbili kabla, wekeni kwenye vyombo tofauti, badilisheni maji, udongo usirudiwe. Na waliobaki warudishwe pale pale walipotoka, sio bwawa lolote la karibu na shule, maana mnahamisha minyoo na huo ukungu kutoka dimbwi moja kwenda jingine. Na wale weusi wenye michirizi myekundu mgongoni waacheni kabisa, ngozi yao ina sumu.

Jinsi ya kutunza, sio ngumu. Tengenezeni maji ya chumvi, gramu sita na nusu kwa lita moja, chumvi ya kawaida. Mnyoo ukimtoa muweke humo, ukimuweka kwenye maji matupu ananyonya maji anapasuka. Wale wa mviringo ukiwamwagia spiriti ya asilimia 70 iliyopashwa moto wananyooka vizuri, spiriti ishikwe na mwalimu mbali na kibiriti tafadhali. Kisha chupa ndogo, hata za dawa zinafaa, spiriti ya 70, na karatasi ndani ya chupa iliyoandikwa kwa penseli. Penseli, sio kalamu, wino unayeyuka kwenye spiriti. Andika tarehe, jina la kijiji na lambo, chura wa aina gani, na kiungo alichokutwa nacho. Huyo mnayempasua mara nyingi, mwenye chunusi chunusi mgongoni, siku hizi anaitwa Sclerophrys gutturalis, vitabu vyenu vingi bado vimeandika Bufo. Na andikeni pia chura ambao hamkukuta kitu, sifuri nayo ni namba. Anayetaka kwenda mbele zaidi akafanya utafiti kamili kuna vibali, vya COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, mwalimu wako atakuongoza, usianze kukusanya vyura kiholela.

Maswali yaliyoulizwa yalikuwa mengi, naandika matatu.

Mwanafunzi mmoja wa kike aliuliza kama tunaweza kuwapa vyura wa lambo dawa ya minyoo tukaimwaga majini. Hapana mdogo wangu, kabisa. Utaua na visivyohusika, wadudu wa maji, konokono wa kawaida, na bado mwakani minyoo itarudi kutoka kwenye udongo. Dawa ni kwa chura anayefugwa, kwa kipimo, akiwa na daktari wa mifugo.

Mwalimu mmoja aliuliza kuhusu kula wale vyura wakubwa, akasema kuna watu wanakula. Nilimjibu kwamba akipikwa akaiva vizuri minyoo yote inakufa. Hatari ni mbichi au nusu mbichi, kwa sababu ya tegu mmoja anaitwa Spirometra ambaye mtoto wake anakaa kwenye nyama ya chura na nyoka akisubiri kuliwa na paka, mbwa au simba. Akiingia kwa mtu hawi tegu mkubwa, anabaki kuzurura chini ya ngozi, na akienda jichoni au kwenye ubongo ni balaa. Anapatikana pia kwa kunywa maji ya lambo yasiyochemshwa, mna vidudu vidogo vya maji vinavyombeba, kwahiyo maji yachemshwe hata kama hujawahi kula chura maisha yako yote.

La mwisho lilitoka kwa mama mmoja aliyekuja na mwanae, aliuliza kama watoto wanaocheza na vyura kwenye madimbwi watapata minyoo hiyo ya mapafu. Mama, ile ya mapafu ya chura haiishi kwa mtu, wanawe mikono tu kwa sabuni kwa sababu chura wanabeba bakteria wa kuharisha. Kinachoniogopesha ni yale maji wanamosimama, hasa lambo lenye konokono, kwa sababu kichocho nacho kinapenya ngozi wakiwa wanacheza humo. Mtoto akianza kukojoa mkojo wenye damu, hasa ule wa mwisho mwisho, asisubiri, mpeleke kituo cha afya wapime mkojo, dawa yake ni prazikwanteli, na akishapona akirudi kwenye maji yale yale anaambukizwa tena.